Marehemu Dekha Ibrahim: Mama wa Wajir Aliyesomesha Wasomi

Kijana wa Griftu anayetaka kusoma shahada ya pili katika maendeleo ya jamii na mageuzi yake hana budi kufunga safari. Griftu ni mji mdogo wa wafugaji, upande wa magharibi ya Wajir mjini. Pana ngamia, pana misikiti, pana chuo cha kuwafundisha wafugaji, lakini shahada za namna hiyo hazipatikani hapo. Basi kijana hupita Wajir, akashuka Garissa, na pengine asitue mpaka Nairobi, Mombasa au ng'ambo. Karo yake pengine ni thamani ya ngamia wa babake. Akiisha kuketi darasani, mwalimu humwambia afungue vitabu vya mabingwa wa fani hiyo, naye hufungua. Na katika kimojawapo, katikati ya majina ya wasomi wa Uingereza na Marekani, hukuta jina la mama wa kwao, mzaliwa wa Wajir, ambaye bibi zake wa sokoni walimjua kwa sura na sauti.

Jina hilo ni Dekha Ibrahim Abdi. Twakusudia leo kusimulia maisha yake, kwa kuwa sisi watu wa pwani tuna haki naye pia: miaka yake ya mwisho alikaa Mombasa, jirani yetu, na wengi tukampita njiani bila kumjua. Nami ni mmoja wa hao. Nilikuja kuzisoma habari zake amekwisha fariki, nikaona haya.

Dekha alizaliwa Wajir mwaka 1964. Wajir ni mji wa visima. Maji yake hayako mbali chini ya ardhi, na tangu zama za zama wafugaji huleta ngamia wao kunywa hapo kutoka pande zote. Wako wasimulizi wanaodai kwamba hata malkia wa Saba alinywesha ngamia wake katika visima hivyo. Sisi hatuna ushahidi wa hilo, ila habari yenyewe yaonyesha jinsi wenyeji wanavyovienzi. Penye maji katika nchi kavu ndipo penye uhai, na ndipo penye ugomvi.

Mtoto huyo alizaliwa vitani. Kenya ilipata uhuru Desemba 1963, na Wasomali wengi wa jimbo la kaskazini hawakutaka kuingia katika nchi hiyo mpya. Walitaka kuungana na ndugu zao wa Somalia. Serikali ikatangaza hali ya hatari, na vita vilivyoitwa vya shifta vikapiganwa mpaka 1967. Vita viliisha, sheria za hali ya hatari hazikuisha. Zilibaki juu ya vichwa vya watu wa kaskazini mpaka mwaka 1991. Fikiri, msomaji: mtu aliyezaliwa mwaka mmoja na Dekha alifika umri wa miaka 27 hajapata kuishi siku moja chini ya sheria zile zile walizokuwa nazo watu wa Nyeri au Malindi.

Katika muda huo likatokea la Wagalla. Mwezi Februari 1984 majeshi ya serikali yaliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia kutoka Wajir mjini, Griftu, Eldas na makambi ya pembeni, yakawapeleka katika uwanja wa ndege wa Wagalla, si mbali na mji. Waliwekwa juani siku kadhaa bila maji wala chakula, na wengi wakauawa. Serikali ya wakati ule ilitaja watu 57. Tume ya ukweli na haki iliyotoa ripoti yake mwaka 2013 iliona kwamba waliokufa walikaribia 1,000, na wenyewe wenye maiti husema ni zaidi ya hapo sana. Dekha alikuwa na miaka kama ishirini hivi. Griftu hata leo ziko nyumba ambazo mwezi huo wa Februari hauzungumzwi kwa sauti kubwa.

Nimeyataja haya kwa urefu kwa sababu mtu akisoma kwamba mama fulani alileta amani Wajir, hudhani kwamba palikuwa na watu wakorofi akaja mwema akawapatanisha. Sivyo. Palikuwa na watu waliofundishwa kwa miaka thelathini kwamba hapana wa kuwatetea isipokuwa ukoo na bunduki.

Sheria za hatari zilipoondolewa 1991, balaa zikaja pamoja. Serikali ya Somalia ilianguka mwaka huo huo, na silaha zikamiminika kuvuka mpaka kama bidhaa za mnada. Ukame ukaua mifugo kwa wingi usiohesabika, na watu waliopoteza wanyama wakakimbilia mijini. Mwaka 1992 ukaja uchaguzi wa vyama vingi, na kiti cha bunge kikawa kama kisima: ukoo utakaokishika ndio utakaokunywa. Huko Wajir magharibi, nchi ya Griftu, Degodia na Ajuran walivutana juu ya nani mwenyeji na nani mgeni, malisho ni ya nani na kura ni ya nani. Ugomvi ukaenea, ukoo wa Ogaden nao ukaingia. Waliouawa walihesabiwa kwa mamia, na wapo wanaosema walizidi 1,000. Magari yalitekwa, mifugo iliporwa, watumishi wa serikali wakakimbia vituo vyao.

Usiku mmoja katikati ya mwaka 1993 risasi zilirindima mjini. Dekha alimshika mtoto wake, akaingia naye chini ya kitanda, wakalala sakafuni saa nyingi huku risasi zikikatiza chumbani. Palipopambazuka akayazungumza na mamake. Mama akamkumbusha jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa mdogo asiweze kulikumbuka: mwaka 1966, katika vita vya shifta, mama huyo naye alimficha Dekha chini ya kitanda hicho hicho.

Kitanda kile kimoja ndicho kilichomtoa nje. Alimtazama mwanawe akahesabu: mimi, kisha huyu, kisha nani? Watoto wake nao watajificha hapo hapo? Wasomi wa mageuzi ya jamii wana maneno mengi ya kuieleza hali ya ugomvi unaorithiwa, na vitabu vizima vimeandikwa juu yake. Dekha aliujua kwa kuona kwamba mbao za kitanda hazikubadilika.

Alianza na wenzake wachache sana, wanawake wasiofika dazeni, wa koo mbalimbali. Hawakuwa na fedha, hawakuwa na ofisi, wala hawakujipa jina kwanza. Waliketi wakaulizana wanajua nini na wanaweza nini. Nakuomba msomaji usipite hapa haraka. Watu wengi wenye nia njema, na hata wenye shahada zao ukutani, huanza kwa kuuliza hakuna nini: hakuna maji, hakuna shule, hakuna fedha, kisha hutafuta mfadhili. Wanawake hawa walianza kwa kuuliza kuna nini. Na jibu walilolipata ni kwamba kuna soko.

Soko la Wajir ni la wanawake. Wao ndio wauzao maziwa, mboga, nyama na samli. Wao ndio wanunuao. Lakini vita vilikuwa vimeingia mpaka humo. Mwanamke wa ukoo huu hakununua maziwa ya mwanamke wa ukoo ule, na wengine walizuiwa hata kukanyaga penye biashara. Matusi yaliyotupwa sokoni asubuhi yalifika makambini jioni yakiwa yamenenepa, na usiku wanaume wakachukua bunduki kwa ajili yake.

Basi Dekha na wenzake walitaka jambo dogo tu: mwanamke yeyote, wa ukoo wowote, aweze kuingia sokoni, auze, anunue, arudi kwake salama. Hawakudai vita vikome, wala hawakumwomba mtu asahau maiti wake. Waliweka wanawake wa kuangalia sokoni, macho na masikio. Pakitokea mtu kudhulumiwa kwa sababu ya ukoo wake, au uvumi kuzuka, habari hupelekwa upesi, na kamati ndogo ya wanawake huja kuamua kabla maneno hayajatoka nje ya soko. Kazi hiyo ilifanywa siku baada ya siku, kwa mdomo na kwa miguu. Wakaiita jumuiya yao ya wanawake wa Wajir kwa ajili ya amani.

Sisi washairi tuna lawama katika mambo haya. Tumetunga tenzi za mashujaa wa panga na farasi, tukamsifu aliyevunja ngome na aliyezamisha jahazi. Nani ametunga utenzi wa mwanamke anayekwenda kununua maziwa kwa adui wa kakake, akayalipa bei yake, akasema alamsiki? Na huo ni ushujaa ambao mtu huufanya akiwa peke yake, mchana, mbele ya watu wa ukoo wake wanaomtazama kwa jicho la hasira.

Soko lilipotulia, wanawake wakaona kwamba lao limefika mwisho wake. Vita vyenyewe vilikuwa mikononi mwa wanaume, na kwa mila za Kisomali neno la vita na suluhu ni la wazee. Hapa ndipo busara ya Dekha inapoonekana zaidi. Hakugombana na mila hiyo, wala hakuiinamia akarudi nyumbani. Yeye na wenzake walitafakari ni mzee yupi anayeweza kusikizwa na pande zote. Mzee wa ukoo mkubwa atashukiwa. Wakamtafuta mzee wa ukoo mdogo kabisa, ambao haukuwa na nguvu ya kumtisha mtu, wakamwomba awe msemaji. Udhaifu wa ukoo wake ukageuka kuwa fadhila. Mzee yule aliwauliza wenzake mambo ya wazi: nani anafaidika na vita hivi, na sisi tunapata nini kwa kuzikana?

Mazungumzo yalikuwa marefu na mazito. Mwisho, Septemba 1993, wazee wa koo zilizogombana walitia sahihi mapatano yaliyoitwa ya Al-Fatah. Yaliweka kanuni za kurudisha mali iliyoporwa, za kuzuia kisasi, na za kulipa diya kwa aliyeuawa. Msomaji wetu Mwislamu ajua diya ni nini. Kwa Wasomali diya si ya mtu mmoja: ukoo mzima huchanga ngamia kulipia damu iliyomwagwa na mmoja wao, na kwa hiyo ukoo mzima una sababu ya kumzuia kijana wao asiende kumwaga damu.

Wako waliolikosoa jambo hilo, na haifai kuwanyamazia. Walisema muuaji anabaki huru kwa kuwa wengine wamemlipia, na kwamba sheria ya nchi imewekwa kando. Tena katika mapatano mengine ya kaskazini yaliyofuata, yale ya Modogashe ya mwaka 2001, mwanamume alikadiriwa ngamia 100 na mwanamke 50. Wanawake walioianza kazi ya amani walijua hesabu hiyo ilivyo. Lakini mwaka 1993 hapakuwa na mahakama iliyoweza kukamata na kuhukumu katika nchi ile, na mwanamke aliyekuwa akizika wanawe hakuwa na nafasi ya kungoja mahakama ijengwe.

Mapatano ya wazee bado hayakuwa amani. Vijana walikuwa na bunduki porini, na bunduki ndiyo iliyokuwa kazi yao. Kwa hiyo wakaendewa vijana. Vijana wakauliza, tukiweka silaha tutakula nini? Wakaendewa wafanyabiashara, ambao magari yao hayakuweza kwenda kwa sababu ya vijana hao hao; wakaombwa kusaidia wapate shughuli. Wakaendewa mashekhe. Wakaendewa wakuu wa serikali, ambao mwanzo waliwatazama watu hawa kwa wasiwasi, kwani watu wa Wajir kukusanyika bila ruhusa lilikuwa ni jambo ambalo kwa miaka thelathini liliitwa uasi. Mwaka 1995 juhudi zote hizi zikaunganishwa kuwa kamati ya amani na maendeleo ya Wajir, ikawekwa ndani ya mpango wa serikali wa maendeleo ya wilaya. Humo waliketi mkuu wa wilaya, maofisa wa usalama, wazee, mashekhe, vijana na wanawake. Pakisikika risasi mahali, kikosi cha mchanganyiko huo kilikwenda upesi kuzima jambo kabla halijawaka. Machifu waliotunza amani katika sehemu zao walitunukiwa zawadi mbele ya watu.

Natumaini msomaji ameona neno maendeleo katika jina la kamati ile. Halikuwekwa kwa mapambo. Kisima kikijengwa mahali pasipofaa huleta vita. Shule isipofika kwa wahamaji huacha vijana wengi wasio na kazi ila kuchunga na kupigana. Kwa Dekha hayo hayakuwa masomo mawili, moja la amani na jingine la maendeleo. Ngamia mmoja tu ukimtazama huku na huku.

Habari za Wajir zikaenea. Wilaya nyingine za kaskazini na za Bonde la Ufa zikaja kuangalia, nazo zikaunda kamati zao, mpaka serikali ya Kenya ikaukubali mtindo huo nchi nzima. Na hapo maisha ya mama huyu yakageuka: yule aliyekwenda nyumba kwa nyumba akawa anaitwa kufundisha. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alijiunga na taasisi moja ya Birmingham, Uingereza, iitwayo Responding to Conflict, kuwa mmoja wa wakufunzi wake. Mwaka 2000 taasisi hiyo na wenzake wakatoa kitabu, Working with Conflict, na Dekha ni mmoja wa waandishi sita. Hicho ndicho kitabu nilichokitaja mwanzo, ambacho hutumika katika madarasa ya shahada za juu sehemu nyingi za dunia. Mwaka 2005 profesa wa Kimarekani John Paul Lederach, bingwa mkubwa wa fani hiyo, aliitia hadithi ya wanawake wa Wajir katika kitabu chake, na kwa njia hiyo soko lile na kitanda kile vikajulikana na wanafunzi ambao hawajapata kuona ngamia.

Sisi tuliolelewa pwani zamani, neno chuo lilikuwa na maana moja: mkeka, ubao, na mwalimu mwenye bakora. Mtu akisema mwanawe yuko chuoni tulielewa kwamba anasoma juzuu. Baadaye kikaja chuo kikuu, na tukaanza kuona kwamba kile cha mkeka ni kidogo. Dekha hakuvitenganisha hivyo. Alikuwa Mwislamu aliyeishika dini yake, na hakuificha alipokwenda kufundisha mbele ya Wazungu. Aliitumia Kurani kama kioo cha mtu kujitazama kabla ya kumtazama adui yake. Na kila aliyesoma chuoni ajua kwamba nafsi imetajwa kwa hali zake: ile yenye kuamrisha maovu, ile yenye kujilaumu, na ile iliyotua. Mpatanishi asiyeijua nafsi yake imesimama hali gani atawezaje kumwambia muuaji atulize yake? Sijui kama vyuo vikuu vina somo la jambo hilo. Nadhani wanaliita kwa jina jingine.

Wala asidhani msomaji kwamba nawadharau wenye shahada. La. Dekha mwenyewe hakuidharau elimu. Alichora michoro, alipanga hatua, aliandika. Alijua kwamba jambo lililofanywa Wajir likibaki vichwani mwa watu wa Wajir litazikwa nao. Ndiyo maana alishika kalamu. Ninachosema ni kwamba utaratibu ulikuwa huo: kwanza soko, kisha kitabu. Siku hizi wengi huanza na kitabu wakatafuta soko la kukijaribia, na watu wa soko hilo hujikuta wakijibu maswali ya karatasi kila mwaka, majibu yakapelekwa mbali, wao wasione tena karatasi wala aliyeileta. Wafugaji wa kaskazini wameulizwa maswali mengi ya namna hiyo. Waulize watu wa Griftu.

Kazi ilimpeleka Uganda, Afrika Kusini, Kambodia, Sri Lanka, Yordani, Uholanzi na kwingineko. Nyumba yake ikawa Mombasa. Alikuwa na mume na watoto wanne, na wale waliofanya kazi naye hawakumkumbuka kwa hotuba kubwa bali kwa uwezo wake wa kumsikiliza mtu mpaka mwisho. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Right Livelihood, ambayo wengi huiita Nobeli ya pembeni, akaipokea Stockholm mwezi Desemba. Mwaka 2009 jimbo la Hesse, Ujerumani, nalo likampa tuzo yake ya amani.

Kumbuka tarehe ile ya kwanza: Desemba 2007. Hata mwezi haukutimia tangu arudi na tuzo, Kenya ikapiga kura tarehe 27, na matokeo yalipotangazwa nchi ikawaka moto. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahamishwa makwao. Yale ambayo watu wa Nairobi walizoea kuyaita mambo ya kaskazini, ya koo na ubishi wa nani mwenyeji, yakaonekana Eldoret, Kisumu, Naivasha na Kibera. Mwalimu aliyekuwa amelisoma somo hilo tangu utoto alikuwapo. Katika siku za mwisho za mwaka huo Dekha aliungana na watu wanne: balozi Bethuel Kiplagat, majenerali wastaafu Lazaro Sumbeiywo na Daniel Opande, na George Wachira. Wakaanzisha umoja wa raia wenye kujali amani. Kila asubuhi walifungua baraza katika hoteli moja ya Nairobi, aje atakaye, aseme alilonalo. Watu wa mikoani walituma habari kwa simu za mkononi, ijulikane wapi panataka kuwaka na nani wa karibu awezaye kupazima. Yalikuwa ni yale macho na masikio ya sokoni Wajir, sasa yamepewa simu. Mapatano ya wakubwa yalitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008 chini ya usuluhishi wa Kofi Annan, na jina la Annan ndilo lililobaki vinywani mwa watu.

Katika hao wanne limo jambo la kumtia mtu fikira. Balozi Kiplagat alipofanywa mwenyekiti wa tume ya ukweli mwaka 2009, watu wengi wa Wajir walimkataa, kwa kuwa mwaka 1984, siku chache kabla ya Wagalla, alikuwa mmoja wa wakuu wa serikali waliofika Wajir kwa mkutano wa usalama. Yeye alikana kwamba mauaji yalizungumzwa humo, naye amekwisha fariki. Hatuna hukumu ya kutoa hapa. Ila tukumbuke kwamba binti wa Wajir aliketi meza moja naye wakati nchi inaungua. Kazi aliyoichagua haikumruhusu kuketi na watu safi peke yao.

Amani aliyoisaidia kuijenga haikuwa ukuta wa mawe. Ilibomoka mahali, ikajengwa tena. Mwaka 2014, yeye hayupo tena, Garre na Degodia walipigana vibaya mpakani mwa Wajir na Mandera, watu wakafa na maelfu wakahama. Wako waliosema basi kamati zile zilikuwa bure. Lakini hata katika ugomvi huo waliotumwa kuzungumza walikuwa ni wazee, mashekhe na wanawake, kwa njia zile zile zilizokanyagwa 1993, kwani hapakuwa na njia nyingine iliyojulikana kufika.

Tarehe 7 Julai 2011 Dekha alikuwa safarini na mumewe katika barabara ya kutoka Nairobi kwenda Garissa, njia ile ile ambayo kijana wetu wa Griftu hupita akienda na kurudi masomoni. Gari lao likapata ajali. Mumewe na dereva walifariki. Yeye alipelekwa hospitalini Nairobi, akaishi wiki moja, akafariki tarehe 14 Julai. Hakuwa amefika umri wa miaka 50. Mwenyezi Mungu awarehemu wote watatu, na awape watoto wale wanne subira.